Paa Juu ya Bwawa la Mama Skola

Vijana wangu, mnapokuja kwangu hapa Mazwi, Sumbawanga, na pikipiki zenu kuniuliza dawa ya samaki wasiozaa, naona mnavyonyong'onyea nikiwajibu kwamba kwanza twende tukatazame kivuli. Nyinyi mnataka niwape unga wa kunyunyiza majini. Mimi nataka kuona mti gani umesimama upande gani wa bwawa, jua linaingia majini saa ngapi na linatoka saa ngapi. Mwezi uliopita mmoja wenu aliniambia kwa heshima kabisa kwamba yeye ameuliza habari za samaki na mimi namjibu habari za jua. Nilimwambia akae, nikamsimulia nusu ya habari hii. Nusu nyingine sikumsimulia, ndiyo maana nimeamua kuiandika yote.

Nianze kwa kuwaambia kwamba nawaonea wivu. Mna vipimajoto, mna nailoni inayopitisha mwanga, mna simu za kumuuliza mtu wa Mwanza swali mkajibiwa kabla chai haijapoa. Nikiwaona moyo unaniuma, na hauniumi kidogo. Ndivyo nilivyo tangu ujana. Kuna mtu anazaliwa na mguu mfupi. Mimi nilizaliwa na wivu, nikatembea nao mpaka nikastaafu.

Miaka ile ya Ujamaa ofisi yetu nzima ya samaki hapa Sumbawanga ilikuwa na kipimajoto kimoja, na kilikaa kwenye mfuko wa shati la mkuu wetu, Bwana Asajile. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa cheti, mpole, asiyegusa pombe. Mimi nilikuwa Mfipa wa darasa la nane niliyeajiriwa kuchimba mabwawa kwa jembe na sururu, nikapanda taratibu mpaka watu wakaanza kuniita Bwana Samaki. Jina langu ni Kastuli, lakini kwa miaka mingi, nje ya ofisi, hakuna aliyelikumbuka isipokuwa mke wangu akikasirika.

Asajile ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kumshika perege kwa kitambaa chenye maji, kumgeuza tumbo juu, kumpaka tone la wino karibu na mkia na kuhesabu matundu: dume mawili, jike matatu. Alinifundisha kwamba ukitumbukiza mkono hadi kiwiko na usione kiganja chako, acha kutia samadi wiki nzima. Alinifundisha kutia majani mabichi juu ya maji ya debe ninapobeba vifaranga kwa baiskeli, ili maji yasichezecheze yakawachosha. Hayo yote yanafaa hata leo, yaandikeni.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mwaka wa kwanza nilimwona jike amevimba taya, nikaamini ana matumbwitumbwi. Nikamtoa, nikamfungua mdomo, nikamsukutua kwa maji ya chumvi. Yalimwagika mayai ya manjano, yakajaa kiganjani. Perege wetu analea mdomoni, mama anawafumbata wanawe humo mpaka waweze kuogelea wenyewe, na mimi nilikuwa nimewamwaga wote kwenye nyasi. Asajile hakunigombeza. Alisema tu kwamba angalau sasa najua wanakaa wapi.

Kazi yetu ilikuwa kubwa kuliko mikono yetu. Vijiji vya ujamaa vya huku juu viliambiwa vichimbe mabwawa, navyo vilichimba, lakini bwawa bila vifaranga ni shimo la maji. Vifaranga walitoka Mtowisa, chini bondeni, kwenye joto. Kule perege wanazaa mpaka wanakosa nafasi ya kukua. Barabara ya kuwapandisha ilikuwa mbaya, na tukifika juu nusu wamekufa na nusu wamezubaa. Mwenzetu wa Mtowisa nilimwonea wivu kana kwamba joto la bonde alilipika yeye mwenyewe nyumbani kwake. Asajile alitaka tuzalishe wetu hapa hapa, akanikabidhi bwawa dogo pembezoni mwa mji, hatua kumi na mbili kwa nane, na jukumu la kuwafanya samaki wa uwanda wa juu wazae.

Hawakuzaa. Asajile aliingiza kipimajoto chake, akasema maji ni ya baridi mno.

Sisi Wafipa tunaziamini nyasi. Shamba letu tunalilima kwa ntumba: unakusanya nyasi, unazifukia kwa udongo unafanya kilima, zinaoza mle ndani na kuwa mbolea. Asubuhi ya baridi ukipenyeza mkono katikati ya ntumba unakuta vuguvugu. Nimekua nikipasha vidole humo kabla ya kwenda shule. Kwa hiyo niliposikia neno baridi, jibu lilikuja lenyewe. Nilisimika nguzo, nikapitisha fito, nikaliezeka bwawa zima kwa nyasi nene, kisha nikazungushia uzio wa matete kupita kimo cha mtu. Nilimwambia Asajile kwamba nyasi zitashika joto. Uzio nilisema ni wa kuzuia ndege. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu yeyote aone nafanya nini, maana kama ningefaulu nilitaka kufaulu peke yangu.

Hapa nirukie mbele miaka mingi, vinginevyo hamtaelewa nilichofanya. Nilipobakiza miaka michache kustaafu nilipelekwa semina. Mkufunzi alikuwa dada mmoja kijana, umri wa binti yangu, anayesema taratibu na kuchora vizuri ubaoni, nami nilimwonea wivu tangu alipoishika chaki. Alichora kichwa cha samaki. Juu kabisa ya ubongo, chini ya fuvu, akaweka nukta. Akasema hiyo ni tezi ndogo, na mahali hapo fuvu ni jembamba kiasi kwamba mwanga unapenya. Tezi ile inaona mwanga, ingawa si jicho. Giza likiingia inatengeneza homoni iitwayo melatonini, kukikucha inapunguza. Kwa kipimo cha melatonini ubongo unajua usiku umekuwa mrefu au mfupi kiasi gani. Na joto nalo linaingia humo humo: maji yakiwa baridi hata homoni hiyo haitoki kwa namna ile ile, na kazi zote za mwili zinapunguza mwendo. Mwanga unamwambia samaki ni saa ngapi, joto linamwambia ni msimu gani, alisema, na ubongo unayasikiliza yote mawili kabla haujatuma homoni nyingine kwenye tezi iliyo chini yake, nayo hiyo ndiyo inayoyaambia mayai yaive.

Nilinyoosha mkono. Niliuliza, mtu akiliezeka bwawa kwa nyasi itakuwaje. Washiriki walicheka. Yeye hakucheka. Alisema mtu huyo atakuwa amewanyang'anya samaki saa na msimu kwa mara moja: mchana watakuwa kwenye machweo yasiyokwisha, na jua la kupasha maji halitafika. Nikamuuliza kipi kinaharibu zaidi, giza au baridi. Akasema kwa bwawa la namna hiyo hawezi kuvitenganisha bila kupima. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Watu wengi wangebuni jibu.

Sasa turudi miaka ile, nimlete Mama Skola.

Alikuwa mjane, amenizidi kama miaka kumi, anaishi kwenye mteremko mmoja saa mbili kwa baiskeli kutoka mjini. Alilima mahindi na ulezi, alifuga kuku, na mbele ya nyumba yake marehemu mumewe alikuwa amechimba bwawa lisilo na vipimo vyovyote. Lilikuwa halifiki kiunoni, limejipinda, nyuma yake kuna mwamba mkubwa unaopigwa na jua tangu asubuhi. Nilikuwa nimempa perege ishirini, wale wale wa ukoo wa samaki wangu. Kwa kweli nilimpa waliobaki.

Siku moja ya mwezi wa tatu nilimpeleka Asajile akaone. Tulifika saa tano, mwamba umeshapata moto. Kando kando ya bwawa, pale kina kinapokuwa cha vidole vinne, maji yalikuwa meusi kwa vifaranga. Asajile alipiga magoti na suruali yake ya kazini. Akaingiza kipimajoto, akakitoa, akakitazama, akakirudisha tena. Kisha akamuuliza Mama Skola amefanya nini.

Mama Skola alisema hakufanya kitu, isipokuwa alikata mkaratusi uliokuwa unaziba jua la asubuhi, maana samaki ni kama kuku, wasipoona kumekucha hawatagi.

Asajile akageuka kunitazama. "Kastuli," akasema, "huyu mama amefika mahali ambapo mimi na wewe hatujafika."

Alisema mimi na wewe. Alijihesabu na yeye mwenyewe. Lakini mimi nilisikia wewe tu. Njia nzima ya kurudi nilikanyaga pedali kwa hasira, na yeye nyuma yangu anaendelea kumsifu: jinsi alivyo msikivu, jinsi alivyo na jicho la kazi. Mimi nilikuwa nimebeba samaki wale kutoka Mtowisa, nimelala njiani nao, nimejenga paa kwa mikono yangu, na sikuwa nimepata hata kifaranga mmoja. Nilimchukia mama yule kwa sababu hakutoa jasho. Nasema nilimchukia, na nilikuwa nakula ugali wake wa ulezi kila nikipita.

Mwaka huo amri ya kuhamia vijijini ilifika pande hizo. Mteremko wa Mama Skola ulikuwa mbali na kijiji kipya, hivyo na yeye alitakiwa kung'oa nyumba na kuhama. Hakutaka. Kaburi la mumewe lilikuwa pale, hatua chache kutoka mlangoni. Asajile alimwombea kwa mwenyekiti wa kijiji, na wakakubaliana jambo la busara: bwawa lile liwe mradi wa kijiji, la kuzalishia vifaranga, na yeye abaki mtunzaji wake. Sharti lilikuwa moja. Wageni wa mkoa watakapopita mwezi wa kumi na moja, bwawa lionekane linazalisha, na Bwana Samaki aandike hivyo kwenye taarifa. Bwana Samaki nilikuwa mimi.

Mwezi wa nane nilikwenda kwake peke yangu. Nilishuka kwenye baiskeli bila hata kumwamkia, nikatoa daftari nikamwambia bwawa lake halifuati utaalamu. Mradi wa kijiji lazima ufanane na kituo cha serikali. Anatakiwa aezeke paa la nyasi juu ya bwawa na azungushie uzio, kama langu. Je, niliamini maneno yangu? Vijana, nimejiuliza swali hilo kwa miaka. Nusu ya kichwa iliamini, kwa sababu ya zile ntumba. Nusu nyingine ilikuwa imekwisha kuona kwamba paa langu halikunisaidia, na ilitaka tu tuwe sawa.

Mama Skola alisimama ameshika ungo. "Bwana Samaki, kuku nikimfungia gizani hatagi," akasema.

"Samaki si kuku, Mama," nikamjibu, nikaandika kitu daftarini ili aone naandika.

Alijenga. Alipata nguzo, alikata nyasi, na ndani ya wiki mbili bwawa lilikuwa na paa zuri kuliko la kwangu, limepangwa vizuri, limefungwa kwa kamba za magome. Hata hilo lilinichoma.

Mwezi wa tisa jua lilianza kuwaka. Huo ndio wakati ambao perege wa huku juu huamka, madume wanakuwa weusi na kuchimba viota vya mviringo kwenye tope. Nilipita kwake, nikainama chini ya paa. Madume walikuwa wa kijivu, wamejikunyata. Hakukuwa na kiota. Mama Skola aliniuliza kwa nini. Nikasema samaki wana mambo yao, tusubiri.

Kisha ukaja ule upepo. Mnaujua upepo wetu wa mwisho wa kiangazi unavyokuja kwenye uwanda bila kuzuiwa na kitu. Ulipita mjini mchana mmoja, ukabeba paa la bwawa langu zima na nusu ya uzio, ukavitawanya kwenye shamba la jirani. Nilitukana. Nilianza kukusanya fito nijenge upya, lakini nyasi zilikuwa zimekwisha kuchomwa moto kila mahali kama ilivyo kawaida msimu ule, hivyo nikaliacha wazi kwa kukosa nyasi tu. Muone utaalamu wangu.

Siku ya tano dume mmoja alikuwa mweusi. Wiki ya pili niliona viota vitatu. Wiki ya nne nilimshika jike mwenye taya lililovimba, na safari hii sikumsukutua. Wiki ya tano vifaranga walikuwa kwenye kingo, wakikimbia kivuli changu kila niliposogea. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nilielewa. Sikuwa na neno melatonini, sikujua tezi wala homoni, lakini nilielewa kabisa kwamba paa ndilo lililokuwa tatizo, na kwamba Mama Skola alinieleza hivyo akiwa ameshika ungo.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili wageni wafike.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ningeweza kupanda baiskeli siku ile ile tukalibomoa paa lake pamoja. Na hata kama vifaranga wasingewahi, nilikuwa na kalamu. Sentensi moja ingetosha: bwawa limeshindwa kwa sababu ya maelekezo yangu, lipewe muda. Asajile angeielewa sentensi hiyo kabla hajaimaliza kuisoma. Nilikaa nayo kichwani siku zote kumi na nne. Kila nilipotaka kuiandika niliwaona wageni wakicheka, na mwenyekiti akisema kwamba mama wa kuku alijua kabla ya serikali, na Asajile akinitazama kama alivyonitazama siku ile. Nilimwonea mama yule wivu mpaka kwenye ncha ya kalamu. Nikaandika: bwawa halizalishi.

Wageni walipita, wakaona maji meusi chini ya paa na samaki wa kijivu. Halafu wakaletwa kwangu. Vifaranga wangu walipelekwa kwenye mabwawa matatu ya vijiji, nikapongezwa mbele ya watu, baadaye nikapandishwa cheo. Asajile alinishika bega akasema alijua siku moja nitafika. Alihamishwa mwaka uliofuata akarudi kwao, na mpaka anakufa hakujua kwamba paa lile liliagizwa na mimi.

Lori lilimfuata Mama Skola mwishoni mwa mwezi. Nilikuwepo, kikazi. Walipakia milango, fito za nyumba, matenga ya kuku. Fito za paa la bwawa nazo alizipakia, kwa kuwa zilikuwa nzuri na zingefaa jikoni. Alikwenda kaburini akang'oa majani machache, akarudi akapanda. Akaniambia, "Asante kwa kunihangaikia, Bwana Samaki."

Nimefanya kazi miaka thelathini na zaidi baada ya hapo. Nimezalisha vifaranga wengi, nimefundisha wengi, na tangu siku ile sijawahi kuruhusu kivuli kwenye bwawa la mtu. Wenzangu waliniita Kastuli wa Jua. Walidhani ni utaalamu.

Ile semina ilinifariji, na hapo ndipo nilipojidanganya tena. Nilirudi na maelezo mazuri yenye jina la kigeni. Nilijiambia kwamba kumbe ilikuwa elimu, elimu yenyewe haikuwa imefika kwetu, nani angejua. Nikaamua nikistaafu nitakwenda kwa Mama Skola nimweleze habari ya tezi na homoni, naye atanisamehe kwa ujinga wangu. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufundisha.

Nilikwenda mwaka huu, baada ya kuahirisha mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kijiji kile kipya sasa ni cha zamani. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anapukuchua mahindi, amekuwa mdogo, macho yamefifia, lakini sauti ni ile ile. Nilimwamkia shikamoo, safari hii sikusahau. Akaitikia, akaniambia nikae, akanisogezea hindi nami nipukuchue. Nikaanza. Nilimweleza tezi, nikamweleza mwanga unavyopenya fuvu, melatonini ya usiku, joto la maji, ubongo unavyoyaambia mayai yaive. Nilieleza vizuri, nadhani hata yule dada wa semina angeridhika. Nikamalizia kwamba kosa lilikuwa la paa, na paa lilikuwa agizo langu, na wakati ule hatukuwa na elimu hiyo.

Alimaliza kupukuchua hindi lake. Kisha akaniuliza swali moja.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema semina. Ilikuwa mdomoni, imeshatafunwa tayari. Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni yale mahindi yaliyokuwa mikononi mwangu.

"Kabla ya lori, Mama," nikasema. "Wiki mbili kabla wageni hawajafika. Bwawa langu lilikuwa limeshazaa."

Aliweka gunzi chini. Nilingoja anifukuze. Badala yake akaanza kunisimulia habari za dada yake, Fausta, ambaye sikupata kumjua. Fausta aliishi ng'ambo ya mteremko ule, na miezi ile ya vifaranga wengi alikuwa anakuja kila asubuhi kutazama tu, anasimama kwenye kingo na kusema jinsi walivyo wazuri. Samaki walipoacha kuzaa, Mama Skola alitafuta sababu. Bwana Samaki alikuwa amekuja, alikuwa amekagua, paa lilikuwa la kitaalamu. Basi kilichobaki kilikuwa jicho la Fausta. Alimwambia asikanyage tena kwake. Aliwaambia na watu. Siku ya kuhama Fausta alipanda lori jingine, akaenda Mwazye na jina la mwanamke mwenye kijicho, na kule nako jina lilimfuata. Wanawake walificha watoto wachanga akipita. Tulimzika mwaka jana, alisema, kisha akajisahihisha: walimzika. Yeye, wana wa Fausta walimzuia mlangoni.

Nilisema pole.

"Wanawe wako Mwazye," akasema. "Mimi hawanisikilizi. Nenda wewe."

Nilikwenda juzi. Nilipata kiti mbele kwenye basi, karibu na dereva, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, tezi kwanza au joto kwanza. Nyumba walinionyesha bila shida. Binti mkubwa wa Fausta, mama wa makamo, aliniamkia, akanitolea kiti, akawaita wadogo zake wawili walioacha kazi zao wakaja wakasimama ukutani. Akaniuliza mimi ni nani na nimekuja kwa habari gani.

Yale maneno niliyoyapanga yote yalinitoka kichwani. Nikavua kofia.

"Mama yenu hakuwa na kijicho," nikawaambia. "Mwenye kijicho nilikuwa mimi."